Daftari la Mahudhurio

Ufunguo nimekabidhiwa mimi, Aikaruwa,
binti wa fundi aliyezipiga lipu kuta hizi,
na pamoja na ufunguo, daftari.
Ni la mahudhurio, la mwaka wetu wa darasa la sita,
kona zimetafunwa na mende.
Kurasa za nyuma ni tupu:
mwaka ule upepo uling'oa bati,
tukasomea kanisani hadi likizo,
na mimi sikulelewa kutupa karatasi safi.

Kwa hiyo, nyuma ya "yupo" na "hayupo", naandika:
Jumamosi, sendofu ya binti wa Mlay. Viti themanini. Wamelipa nusu.
Jumanne, kliniki ya watoto. Mizani ining'inizwe boriti ya kati, ya pembeni ina mchwa.
Alhamisi, kikoba cha kina mama.
Ijumaa, wazi.

Wazi ilivyokuwa miaka kumi na moja,
tangu watoto wahamishiwe shule mpya kule barabarani!
Darasa la nne lilikuwa la popo.
La tatu, mbuzi wa Nderingo walihitimu humo kizazi kwa kizazi,
bila hata mmoja kurudia mwaka.
Mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu
tuliukuta umerudishwa alfajiri moja,
umeegemezwa ukutani, una manyoya ya kuku.
Hatukuuliza.

Bati jipya ni la Desemba,
magari yalipopanda Old Moshi kutoka Dar
na watu wanaosema "tuchange, tuchange"
huku wakitazama saa.
Walichanga. Risiti ninazo.
Lakini mawe hayakudai senti,
mawe ya mtoni, meusi,
yaliyopanda huku juu ya vichwa vya mama zetu
zama ambazo hakuna aliyeitwa mfadhili.

Katika chumba hiki nilivishwa kibao shingoni
kwa kuomba maji kwa Kichaga.
Alhamisi kina mama wanahesabu hisa kwa Kichaga,
wanagombana kwa Kichaga,
wanasameheana nusu nusu,
na kuta zilizokuwa shahidi wa kiboko
zinarudisha mwangwi tu,
hazimtaji mtu jina.

Siku ya sendofu, Elingaya aligonga rimu,
lile lile, kwenye mgrivea ule ule.
Alitaka tu watu wajue ndizi zimeiva.
Pakawa kimya.
Kisha watu wazima, wenye suti, wenye kisukari, wenye wajukuu,
wakapanga mstari bila kuambiwa,
wafupi mbele,
mkono mmoja begani kwa mwenzio,
na Mzee Ndetaramo akazificha kucha zake.

Ubao hatukuupaka rangi.
Chini ya vumbi palikuwa na hesabu, mwandiko wa mwalimu Eliamani:
Treni imeondoka Moshi saa mbili asubuhi.
Itafika Tanga saa ngapi?
Mwendo wake ulilambwa na mbuzi.
Bwana harusi mtarajiwa akasema saa tisa.
Mjomba wake, saa kumi na moja, akihesabu na vituo.
Mpishi, mwiko mkononi, akasema
inategemea nani yumo ndani.

Wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta salio la Mlay,
kidole kikateleza hadi kurasa za mbele.
Namba kumi na saba, mimi.
Kumi na nane, mdogo wangu Ndesario,
tulianza siku moja kwa sare moja iliyokatwa mara mbili.
Yupo, yupo, yupo, hadi Machi.
Halafu vistari vyekundu, vimenyooka,
vya mwalimu asiyejua bado
kwamba mtoto ameshuka Mererani kutafuta jiwe la bluu.

Nje, ngoma ilikuwa imeanza.
Nikarudi kwenye salio: elfu arobaini.
Nikaandika, nikapiga mstari.
Ijumaa nimeiacha wazi.